Habari za Maisha Zisimuliwazo kwa Jamaa: Chanika na Uzaramo

Kijana wa Chanika atakaye kuandika habari za maisha ya bibi yake hupambana na shida kabla hajafungua daftari. Hajui amwulizeje. Karani wa sensa huuliza mwaka wa kuzaliwa, naye bibi humpa mwaka wowote unaomjia mdomoni, kwa kuwa ajua kwamba karani hatarudi kesho kumsuta. Mjukuu hawezi kuuliza hivyo. Akiuliza, bibi atacheka na kumwambia, "Mume wangu, leo umekuwa serikali?" Lakini mjukuu huyo huyo akiketi jikoni jioni, akasaidia kumenya mihogo, akataja jina la marehemu fulani, habari itatoka yenyewe: kwamba marehemu huyo alizaliwa mwaka wa mafuriko, na kwamba bibi wakati ule alikuwa mwali ndani, na kwamba mjomba wake alikuwa amekwisha kwenda mjini kupakua shehena gatini wala hakurudi tena. Hapo tarehe tatu zimekwisha tolewa, ingawa hapana hata moja iliyotajwa kwa hesabu.

Makala haya yahusu tofauti iliyo baina ya maswali hayo mawili. Habari ya maisha ya mtu haitoki kwa msimulizi peke yake. Hutoka kwa msimulizi pamoja na aulizaye, na udugu ulio baina yao huipa umbo lake. Kwa hiyo anayeitunza habari bila kulitunza swali, na bila kuyatunza maneno yale yale ya Kiswahili yaliyosemwa, ametunza nusu. Jambo hili ni dogo kwa mtu atafutaye jumla ya mambo. Kwa mwanafunzi wa lugha na wa historia si dogo hata kidogo, na katika sehemu kama Chanika limekuwa la haraka.

Chanika ipo kusini-magharibi ya mji wa Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 30 na zaidi kutoka bandarini, kwa njia ipitayo Gongo la Mboto na Pugu. Ni kata ya Wilaya ya Ilala. Jirani zake ni Zingiziwa, Buyuni na Msongola, na karibu yake upo msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi. Zamani palikuwa Uzaramo mtupu: mashamba ya mihogo, mpunga wa mabondeni, mikorosho, miembe, na nyumba chache chache zilizoachana. Kisha yakatokea yale yaliyokwisha kutokea pande za Kinondoni na Temeke. Mji ulijaa, watu wakatafuta viwanja mbali zaidi, mashamba yakagawanywa vipande, na wageni wakahamia kwa maelfu kutoka Kariakoo, Magomeni, Ilala na mikoa yote ya nchi. Mzee aliyekuwa na shamba asilojua mwisho wake leo ana nyumba, mwembe mmoja na makaburi ya wazee wake yaliyo nyuma ya ukuta wa jirani. Mwembe ule ukikatwa, na mzee mwenyewe akifa, hapana karatasi itakayoonyesha nani alifyeka pale kwanza.

Maandishi ya kale juu ya sehemu hizi si machache, ila karibu yote yaliandikwa na wageni walioziona kwa kupita au kwa kuzitawala. Mwingereza Richard Burton alivuka Uzaramo mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, na aliyoyaandika juu ya wenyeji hayana mapenzi. Wabenediktini wa Ujerumani walijenga misheni Pugu mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya pwani, misheni ile ilishambuliwa, baadhi ya wamisionari wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Barua za Ulaya zaeleza tukio hilo kwa upande wa waliofiwa. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha katika Wilaya ya Dar es Salaam mashamba ya pamba yaliyolimwa kwa amri, ambayo malipo yake yalikuwa madogo hata watu wakayakataa. Na mwaka 1905 Uzaramo nao ukaingia katika Vita vya Maji Maji. Jina la Kibasila, kiongozi wa Kisangire aliyenyongwa na Wajerumani, limebaki katika shule moja ya Temeke. Karatasi za serikali zaeleza pamba iliyotoka na siku za kazi zilizodaiwa. Hazielezi watu walikula nini msimu ule ambao mikono yao ilikuwa katika shamba la jumbe, wala mke alimwambia nini mumewe aliporudi mikono mitupu.

Mambo ya namna hii hupatikana kwa kuulizana, na katika Kiswahili kazi hiyo si ngeni. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi miongoni mwa Wakilindi wa Usambara, aliikusanya Habari za Wakilindi kutoka vinywani mwa watu aliokula nao. Misheni ya Magila ilianza kuipiga chapa katika miaka ya 1890, na J. W. T. Allen akaitoa upya katika miaka ya 1960. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani, aliwaomba watu wa pwani waandike safari zao na desturi zao. Kitabu cha Safari za Wasuaheli kilitoka mwaka 1901, na ndani yake yumo Salim bin Abakari akieleza safari yake ya Urusi na Siberia pamoja na bwana wake Bumiller. Desturi za Wasuaheli kilifuata mwaka 1903, na sehemu iliyo kubwa kuliko zote ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyepata kufundisha Kiswahili Berlin na kufia huko mwaka 1927. Heinrich Brode naye alimsihi Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aandike maisha yake. Mzee akayaandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, yakachapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903, miaka michache tu kabla ya kufa kwake mwaka 1905. W. H. Whiteley aliyarudisha Afrika Mashariki katika nyongeza za jarida la Kamati ya Kiswahili mwaka 1958 na 1959.

Faida kubwa ya vitabu hivi ni kwamba Kiswahili chao kiliachwa kilivyo. Tippu Tip asimuliapo, kitendo hufuata kitendo kwa kiungo cha -ka-, na msomaji husikia mtu anayezoea kusimulia barazani mbele ya watu wanaojua nusu ya habari. Lakini hasara pia ipo. Maswali ya Velten hayamo. Mtoro aelezapo ndoa, mazishi na ngoma, msomaji haambiwi yapi aliulizwa na yapi aliyatoa kwa hiari yake. Tena aliulizwa na Mzungu wa serikali iliyokuwa imeitwaa nchi yake. Yamkini ndiyo sababu desturi zimejaa na yeye mwenyewe ameonekana kidogo sana. Mtu amwelezaye mgeni hueleza "sisi hufanya hivi". Amwelezaye ndugu yake hueleza "mwaka ule mimi nilifanya hivi".

Mwafrika mmoja aliyeifanya kazi hii kwa sanaa iliyokusudiwa alikuwa Shaaban Robert. Alimwendea Siti binti Saad kabla mwimbaji huyo hajafariki mwaka 1950, akaketi naye, akamwuliza maisha yake. Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa mwaka 1958 katika nyongeza ya jarida lile lile la Kamati. Kitabu hiki chastahili sifa zote kilizopewa. Hata hivyo mtu akikisoma kwa jicho la mwanahistoria hukuta kwamba sauti ya Siti mara nyingi imefunikwa na ya mwandishi wake. Shaaban Robert alipenda kufundisha, na kila tukio la mama yule mfinyanzi wa Fumba aliyepata kuimba katika sahani za santuri za Bombay limekuwa kwake mlango wa mawaidha. Alichosema Siti kwa maneno yake, kwa lafudhi yake ya Unguja na kwa mzaha wake, kimepotea. Shaaban Robert alikuwa na haki ya kuandika apendavyo, maana aliandika fasihi. Ila aliyesikia mazungumzo yale alikuwa yeye peke yake.

Baada ya uhuru kazi iliingia Chuo Kikuu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, wakiongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda wakati wa likizo katika wilaya za kusini na mashariki, wengi wao kwao wenyewe, kuwauliza wazee habari za Maji Maji. Hapo mtoto wa nyumba ndiye aliyekuwa mwulizaji. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1905 walikuwa bado hai, na yale waliyoyasema yaligeuza namna vita vile vilivyofahamika. Mwaka 1973 Iliffe alitoa mkusanyo wa habari za maisha ya Watanzania, nyingi zikiwa zimeandikwa na wanafunzi. Humo imo habari ya Kleist Sykes, iliyoandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku. Kleist alikuwa askari wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza, kisha karani wa reli, na katibu wa kwanza wa African Association ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1929. Alifariki mwaka 1949. Mjukuu wake alitumia maandishi aliyoyaacha babu pamoja na maneno ya jamaa. Mgeni gani angalifunguliwa sanduku lile? Makala moja ya mjukuu ilileta katika historia ya Tanganyika mambo ambayo majalada ya serikali hayakuwa nayo.

Hata hivyo kazi hizi zina kasoro moja inayoziunganisha, nayo yawahusu hasa wasomaji wa jarida la lugha. Wazee walisema Kiswahili, au Kingindo, au Kimatumbi, au Kizaramo. Yaliyochapishwa kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Mwanafunzi alisikia kwa lugha moja, akaandika kwa lugha nyingine, na neno lililosemwa likaanguka njiani. Miaka mingi baadaye, Susan Geiger alipowahoji wanawake wa TANU kuanzia mwaka 1984, akiwemo Bibi Titi Mohamed, alithibitisha jambo kubwa: kwamba harakati za uhuru mjini Dar es Salaam zilibebwa na wanawake wa vikundi vya ngoma ambao hawakuwa na shule wala majina katika majalada, na kwamba wao wenyewe waliijua kazi yao vema. Kitabu chake cha mwaka 1997 kimewarudishia mahali pao. Nacho ni cha Kiingereza. Bibi Titi, aliyefariki mwaka 2000, alikuwa mwimbaji na msemaji hodari wa Kiswahili cha Dar es Salaam, na watakaotaka kujua alivyosema, si alichosema tu, watapata shida.

Mfano wa kufuatwa upo Mombasa. Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa habari za maisha za Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wanawake wa nasaba na hali mbalimbali, waliohojiwa katika miaka ya 1970. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1989, na mwaka 1991 Kiswahili kikatoka kuwa kitabu chake chenyewe. Mtu aweza kuviweka pamoja na kuona neno gani lilimshinda mfasiri. Uzaramo haujapata kitabu cha namna hiyo chenye kusomwa sana, ijapokuwa ndio uliouzaa mji mkubwa kuliko yote nchini.

Sasa lirejewe suala la udugu, kwa kuwa hapo ndipo penye utajiri na penye hatari. Kwa watu wa pwani na bara yake, mjukuu ni mtani wa babu na bibi. Huitana mke na mume, hutukanana kwa upole, na mambo ambayo mtoto hawezi kumwuliza baba yake, mjukuu humwuliza babu akicheka. Mtoto amhojipo baba hupata habari ya kazi, ya safari na ya imani. Hapati habari ya posa iliyokataliwa wala ya miaka aliyokaa baba mjini bila kuleta chochote nyumbani. Mkwe hapati hata hizo. Mpwa, kwa Wazaramo wanaoufuata ukoo upande wa mama, humwendea mjomba kwa haki ambayo mtoto wa mjomba hana, na mjomba humweleza kama amwelezaye mrithi. Mtani wa kabila, kama Mnyamwezi kwa Mzaramo, aweza kusema msibani jambo ambalo jamaa wote wamelificha miaka arobaini, na hapana wa kumkasirikia. Kwa mwanamke yupo somo na yupo shoga. Kijana wa kiume akae jikoni mpaka mihogo iishe, ya unyago hatayasikia. Wala haimpasi kuyasikia, na akiyapata kwa hila asiyaandike.

Kwa hiyo habari ya mtu mmoja, ikiulizwa na watu wanne, huwa habari nne. Hii si kusema kwamba tatu ni za uongo. Mgonjwa humwonyesha mganga kidonda na kumwonyesha mgeni uso, na vyote viwili ni mwili wake. Lakini mwandishi asipotaja yeye ni nani kwa msimulizi, msomaji hawezi kujua ameonyeshwa kidonda au uso. Katika mikusanyo mingi jina la aliyeulizwa limeandikwa, na umri wake, na kijiji chake. La aliyeuliza limeachwa kana kwamba daftari ndilo lililouliza.

Hatari yenyewe yaonekana zaidi katika habari za ardhi, na Chanika ya leo yatoa mfano ulio wazi. Mzee akisema, "Shamba hili alilifyeka mjomba wangu," sentensi hiyo ni historia, tena ni dai. Kwa mila ya ukoo wa mama, shamba la mjomba hushuka kwa mpwa. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo Wazaramo wengi wamekuwa wakiifuata kwa muda mrefu, mtoto wa marehemu ndiye mrithi, mwanamume na mwanamke kila mtu kwa fungu lake. Watu wengi wa Uzaramo wameishi na kanuni zote mbili bila kugombana maadamu ardhi ilikuwa tele na thamani ilikuwa katika mimea: mti ni wa aliyeupanda, hata ukisimama katika shamba la mwingine. Ardhi ilipoanza kuuzwa kwa hatua, kanuni mbili zikawa hadithi mbili. Mpwa akimhoji bibi mmoja na mtoto wa marehemu akamhoji bibi yule yule, kila mmoja aweza kuondoka na ushahidi. Bibi hajadanganya. Kila mmoja amemwuliza juu ya njia yake, naye amejibu alichoulizwa.

Wapo wasemao kwamba kwa ajili hiyo ndugu asiandike habari za ndugu, na kazi iachiwe mtafiti asiye na shamba pale. Hoja hiyo ina nguvu kidogo kuliko inavyoonekana. Mtafiti wa mbali hana tamaa ya shamba, kweli. Lakini hana pia masikio ya kujua kwamba bibi alipotaja "mwembe wa bondeni" alikuwa akimtaja mtu, si mti. Ndugu ana tamaa inayojulikana, na kitu kinachojulikana chaweza kupimwa. Afadhali mwandishi mwenye upande aliyeutaja upande wake.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo waandishi huliharibu kwa nia njema. Mzee aliyezaliwa katika miaka ya 1930 amekaribia au amepita miaka tisini. Yeye hakumwona Mjerumani, alimwona aliyemwona. Kiswahili kina njia ya kuonyesha tofauti hiyo, nayo mzee huitumia bila kufikiri: "ati walikuwa wakilimishwa", "nasikia jumbe alikimbia", "wazee walikuwa wakisema", kisha ghafula "mimi nilikuta lile gogo la mti pale". Hayo maneno madogo, ati, eti, nasikia, ndiyo mizani ya ushahidi. Mjukuu aliyekwenda shule huyaona kuwa takataka za usemi. Anaponakili kutoka katika simu yake huyafuta, akaandika kwa Kiswahili sanifu kilichonyooka: "Wananchi walilimishwa pamba na jumbe alikimbia." Sentensi ni safi, nayo ni ya uongo, kwa sababu uvumi umevishwa kanzu ya shahidi. Vivyo hivyo mama mzee asemapo "tulikwenda" juu ya jambo alilolifanya peke yake, kwa adabu ya kutojitaja, mwandishi akibadili kuwa "nilikwenda" amevunja adabu, na akiacha bila maelezo amempoteza msomaji. Dawa ni kuacha neno na kuongeza maelezo pembeni.

Kizaramo nacho huingia katikati ya Kiswahili cha wazee hawa, hasa wanapofikia mambo ya mwali, ya matambiko na ya mvua. Mtu akitaja Kolelo, pepo wa milima ya Uluguru ambaye Wazaramo walimwendea kuomba mvua, hubadili lugha kwa sentensi nzima, kisha hurudi. Mahali pa kubadilia ni habari kwa mtaalamu: paonyesha ni wapi Kiswahili kilipokuwa lugha ya njia na ya soko, na wapi hakikufika. Mnakili akisawazisha yote, amefuta mpaka uliochorwa na msemaji mwenyewe.

Majina ya vyeo na ya fedha husaidia kupanga miaka, pengine kuliko tarehe ambazo mzee hulazimishwa kuzitaja. Pazi ni cheo cha zamani cha Uzaramo. Akida aghalabu huashiria zama za Mjerumani au miaka ya mwanzo ya Mwingereza. Liwali peke yake hakupangi zama, maana cheo hicho kilikuwapo pwani tangu utawala wa Sultani wa Zanzibar mpaka wa Mwingereza. Balozi wa nyumba kumi ni wa baada ya uhuru. Rupia ilitumika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi ikashika mahali pake, na neno hela ni sarafu ya Kijerumani iliyokufa ikaacha jina. Bibi akisema kwamba mahari ya mama yake yalikuwa rupia, mjukuu ameambiwa jambo ambalo cheti cha kuzaliwa kingalimwambia, kama kingalikuwapo. Lakini tahadhari ifanywe: wazee wengine huita kila mtawala wa zamani akida na kila fedha ya zamani rupia, kama vile vijana waitavyo kila gari la zamani la mbao kwa jina moja. Jina moja halitoshi. Yakubaliane mawili au matatu.

Katika miaka ya 1960 mashine ya kunasia sauti ilikuwa sanduku zito lenye utepe, na mwenye kuimiliki alikuwa mtu wa chuo au wa redio. Leo kila nyumba ya Chanika ina simu inayonasa sauti saa nzima bila gharama. Kwa hiyo sababu ya kutokuwa na kumbukumbu za Uzaramo haiwezi tena kuwa upungufu wa vyombo. Kinachopungua ni desturi ya kuzihifadhi. Sauti hukaa katika simu mpaka simu iibwe au ijae, kisha hufutwa ili picha za harusi zipate nafasi. Allen alipoorodhesha hati za Kiswahili na Kiarabu za maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika orodha iliyochapishwa mwaka 1970, aliziweka kanda za sauti katika orodha hiyo hiyo pamoja na hati. Alikuwa sahihi. Utendi ulioandikwa Lamu na maneno ya bibi mkulima wa Zingiziwa yastahili kabati moja, kila kimoja kwa namba yake na kwa ruhusa ya mwenyewe, na yale aliyoomba yasisikizwe mpaka afe yakae yamefungwa mpaka afe.

Karatasi iendayo pamoja na sauti haihitaji kuwa ndefu. Iandike siku na mahali. Iandike aliyeuliza ni nani kwa aliyeulizwa: mjukuu kwa mama au kwa baba, mpwa, mtani, jirani, mpangaji. Iandike wengine waliokuwapo, maana bibi asemavyo mbele ya binti yake sivyo asemavyo peke yake. Iandike kama shamba linalotajwa lina mgogoro, na mwulizaji yuko upande gani. Maswali yaandikwe yote, hata yale ya kijinga. Na kama mazungumzo yalikatika kwa sababu mkwe alipita uani, iandikwe kwamba mkwe alipita uani, na kwamba aliporudi ndani bibi alikuwa amehamia habari nyingine.